Dafina ya sarafu ikitoka ardhini Lubumbashi: saa ya kwanza ndiyo ya gharama

Lubumbashi sarafu za zamani hutoka ardhini bila mtu kuzitafuta. Mafundi wanachimba fondasio Katuba, mwenye parseli, yaani kiwanja, anachimba shimo la choo Ruashi, vijana wanabomoa kichuguu wapate udongo wa matofali, au ukuta wa nyumba kuukuu ya Kamalondo unaangushwa na nyuma ya tofali kunakutwa kopo la maziwa limejaa vyuma vya duara. Kinachofuata karibu kila mara ni kimoja kati ya viwili. Ama mtu anakimbilia jivu na ndimu ili ving'ae, ama mnunuzi wa chuma chakavu anatokea langoni na mizani yake ya ndoano: "Yaya, hii ni mitraye tu, nikupimie kwa kilo?"

Njia zote mbili zinaua thamani, na haziui kwa namna moja. Jivu na ndimu vinaharibu uso wa sarafu. Mizani ya mitraye inaharibu dafina yenyewe, na hilo ndilo watu hawalioni. Sarafu 300 zilizofichwa pamoja ni kitu kimoja: zinaeleza nani alikuwa na pesa ya aina gani, aliiweka lini, na pengine kwa nini hakurudi kuichukua. Zikishagawanywa mfukoni mwa watu sita, hakuna mtaalamu anayeweza kuzirudisha zilivyokuwa. Hata mnunuzi wa ng'ambo mwenye nia ya biashara tu hulipa vizuri zaidi akionyeshwa dafina yenye picha, mahali na orodha, kuliko akiletewa vipande vitano visivyo na asili.

Siku hizi kosa ni rahisi kufanyika kwa sababu sarafu zimetutoka mikononi. Faranga yetu ya sasa ilianza tarehe 30 Juni 1998 na tunaitumia kwa noti. Kijana wa miaka 25 anayeshika kipande cha mwaka 1888 chenye tundu katikati anaweza kukidhania washa ya bolti. Si mjinga, hajawahi kuona.

Kabla ya kugusa

Simamisha jembe. Piga picha ya kwanza ukiwa mbali, ili ukuta, mti au lango vionekane, halafu ya pili karibu, na rula au kiberiti pembeni kama kipimo. Pima kina kutoka juu ya ardhi, kisha pima umbali hadi kona mbili za nyumba ambazo hazitahama. Namba hizo tatu zinatosha kurudisha mahali palepale hata baada ya fondasio kujazwa zege. Ziandike kwenye karatasi, usiziamini kichwa.

Angalia pia kama unachokiona ni sarafu kweli. Mji huu ulipiganiwa kati ya 1960 na 1963, Katanga ilipojitenga, na bomba la chuma lenye kutu, lililochongoka mbele, si kitu cha kugongagonga kwa nyundo. Rudi nyuma, ondoa watoto, ita polisi. Ukiona mifupa ya mtu, acha kabisa kuchimba. Hapo mambo yamekwisha kuwa ya serikali na ya wenye makaburi.

Chombo kikiwa kizima, chungu, kopo au mfuko wa kitambaa, kitoe pamoja na udongo wake. Pitisha kipande cha bati au ubao chini, kifunge kwa kitenge kisipasuke, kiweke ndani ya beseni. Usikimwage. Mtu aliyekuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwa miaka anaacha sarafu za zamani chini na mpya juu. Aliyeficha yote usiku mmoja kwa hofu anaacha mchanganyiko. Tofauti hiyo inaonekana tu chombo kikifunguliwa tabaka kwa tabaka, huku ukipiga picha kila sentimita mbili au tatu. Vipande vya nguo, uzi na karatasi navyo vihifadhiwe: pembe ya gazeti yenye nusu ya tarehe inaweza kusema mwezi, jambo ambalo sarafu haiwezi.

Chombo kikiwa kimekwisha kuvunjika, chukua udongo wote wa mzunguko wa mita moja na uchekeche. Chekeche la mchanga la mafundi ujenzi mara nyingi lina matundu makubwa mno, na santimu ndogo zinapita. Tumia wavu wa milimita 5 hivi. Udongo wetu mwekundu ukiwa na unyevu hugeuka matonge, kwa hiyo uanike kwanza, kisha uvunje kwa mkono. Ukiuponda kwa koleo unakata sarafu.

Karatasi ya siku hiyohiyo

Ugomvi mkubwa hauji kwa serikali wala kwa wezi. Unakuja kati ya fundi aliyechimba, mwenye parseli aliyemlipa, na mpangaji anayelala humo. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja atakumbuka idadi tofauti. Jioni ileile, kabla mtu hajaondoka, hesabuni mbele ya wote na muandike: tarehe, anwani, waliokuwepo, idadi ya vipande kwa rangi (vyekundu, vyeupe, vya njano, vyepesi kama bati), na uzito wa jumla. Wote watie sahihi, kila upande uchukue picha ya karatasi. Muzee mmoja wa avenue akiwa shahidi ni bora zaidi, kwa sababu huyo ndiye atakayeulizwa swali linalofuata: nyumba hii ilikuwa ya nani?

Swali hilo si la udaku. Lubumbashi ina nyumba zilizoachwa kwa haraka, katika miaka ya 1960 hadi 1963, na tena mwaka 1992 na 1993 Wakasai walipofukuzwa Katanga. Akiba iliyofichwa na baba wa mtu aliye hai bado si sawa na dafina isiyo na mwenyewe, na mwanasheria atakayekutetea atataka kujua hilo kwanza.

Usioshe

Kama utashika jambo moja tu hapa, liwe hili. Shaba ikiingia kwenye ndimu hutoka na rangi ya waridi isiyokuwepo siku ilipotoka mtamboni, na kila anayejua sarafu huiona kutoka mbali. Fedha ikisuguliwa kwa jivu au dawa ya meno hupata mikwaruzo midogo mamia, yote ikielekea upande mmoja, na chini ya lenzi inaonekana kama imepigwa msasa. Aluminiamu, ambayo ndiyo sarafu nyingi za miaka ya 1950 na 1960, huliwa na maji ya jivu, maana jivu ni magadi. Zinki, kama zile za Ubelgiji za wakati wa vita ya pili, huyeyushwa na ndimu. Kwa hiyo dawa moja ya jikoni haifai chuma chochote kati ya hivi, na utandu mweusi au kahawia unaotaka kuuondoa ndio ngozi inayoilinda sarafu.

Kinachoruhusiwa ni maji safi yasiyo na chumvi wala klorini. Weka sarafu kwenye chupa ya kioo yenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, zisilaliane, badilisha maji kila siku kwa siku 3 hadi 5, kisha ziweke juu ya kitambaa laini cha pamba zikauke kivulini. Gusa kwa kitambaa kufyonza maji, usisugue. Hapa kuna mtego wa mjini: maji hayo huuzwa kwenye maduka ya vipuri vya gari kwa ajili ya betri, na kando yake, kwenye chupa inayofanana, kuna asidi ya betri. Zote mbili watu wanaziita "maji ya betri". Soma karatasi ya chupa, na kama chupa haina karatasi, iache.

Gundi, mafuta au nta huondolewa kwa asetoni safi ya duka la rangi. Ile ya kutolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu huwekwa manukato na mafuta. Tumia chombo cha kioo, maana vikombe vyepesi vya plastiki huyeyuka humo, na ufanye kazi nje, mbali na mbabula (jiko la makaa). Mvuke wa asetoni husafiri chini chini na kushika moto kabla hujaona kitu.

Sarafu zilizogandamana kuwa bonge zisitenganishwe kwa kisu. Mara nyingi zimeshikwa na kutu ya kijani ya shaba, na kati yake fedha inaweza kuwa nzima kabisa. Bonge likibaki bonge lina matumaini.

Kuna kijani cha aina mbili. Kijani kigumu, laini kama rangi iliyokauka, hakina haraka. Kijani hafifu cha unga, kinachofutika kwa kidole na kurudi baada ya wiki, ni ugonjwa wa shaba: klorini iliyo ndani inakula chuma kwa msaada wa unyevu. Tenga sarafu hizo na uziweke kwenye chupa kavu yenye vipakiti vya silika, zile punje za kufyonza unyevu. Ukavu ndio unaozuia ulaji, kuifuta hakusaidii.

Sarafu ya mwisho ndiyo ufunguo

Zikikauka, zipange kwa mwaka. Usianze kutafuta ya zamani kuliko zote, hiyo ni tamaa ya kawaida. Tafuta changa kuliko zote. Dafina haiwezi kuwa imefichwa kabla ya mwaka wa sarafu yake ya mwisho. Kopo lenye vipande 200 vya 1920 hadi 1959 na kimoja tu cha 1961 halikufukiwa wakati wa Wabelgiji. Lilifukiwa wakati wa kujitenga kwa Katanga au baadaye, na kipande hicho kimoja kimebadilisha hadithi yote. Ndiyo maana kila kipande kina haki ya kubaki, hata kile kilicholika kiasi kwamba mtoto anakitaka achezee.

Kwa mji wetu, utakachokiona kwa kawaida kinaanguka katika makundi haya.

Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa ya Leopold II mfalme wa Ubelgiji, ilitoa shaba zenye tundu katikati na nyota kuzunguka tundu, za santimu 1, 2, 5 na 10, kuanzia mwaka 1887. Kwenye baadhi ya zile za 1888, tarakimu ya mwisho imepigwa juu ya 7, na lenzi ya mara kumi inaionyesha. Za fedha zina kichwa cha Leopold II upande mmoja, na upande wa pili nembo yenye maneno TRAVAIL ET PROGRES: santimu 50, faranga 1, 2 na 5, kati ya 1887 na 1896. Miaka ya 1906 na 1908 zikaja nyeupe za shaba na nikeli zenye tundu, na baada ya 1908 jina likawa Congo Belge.

Zile za mfalme Albert zenye mchikichi, santimu 50 na faranga 1 za miaka ya 1920, ndizo zinazojaa makopo. Zipo zilizoandikwa kwa Kifaransa na nyingine kwa Kiholanzi, kwa hiyo zihesabu kama aina mbili. Za vita ya pili zina tembo. Faranga 2 ya 1943 ina pembe sita na ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji ilikuwa imetekwa. Faranga 50 ya 1944 ilipigwa Pretoria, na nusu ya chuma chake ni fedha. Kisha zinafuata za njano na za aluminiamu zenye jina la Ruanda-Urundi pia, miaka ya 1950, na baada ya uhuru faranga 10 ya aluminiamu ya 1965 yenye kichwa cha simba. Kuanzia 1967 ni sengi, likuta na makuta za zaïre, pesa iliyoanza kwa zaïre 1 kushika nafasi ya faranga 1000.

Katanga yenyewe ilipiga faranga 1 na faranga 5 za bronzi mwaka 1961, zenye mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Faranga 5 ilipigwa pia kwa dhahabu, na hiyo ndiyo inayowatoa watu usingizini. Tutairudia.

Usishangae kukuta pesa ya Waingereza humo. Reli ilifika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910 ikitoka kusini, na pauni na shilingi zikaja na watu wake. Baadaye peni zenye tundu za Rhodesia na ngwee za Zambia nazo zikavuka mpaka wa Kasumbalesa.

Mizani, uzi na kikombe cha maji

Unahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kaliba ya kupimia upana, sumaku ndogo na lenzi. Hakuna sababu ya kumpa mtu sarafu aikwangue kwa tupa au aidondoshee asidi, maana alama hiyo haiondoki.

Sumaku kwanza. Dhahabu, fedha, shaba, bronzi na aluminiamu hazishikwi. "Fedha" inayoruka kwenye sumaku ina chuma ndani, au ni nikeli tupu, kama baadhi ya sarafu za Ubelgiji za miaka ya 1930.

Kisha uzito. Faranga 5 ya Leopold ina gramu 25, ya 2 ina 10, ya 1 ina 5, ya santimu 50 ina 2.5. Ya faranga 5 ni fedha sehemu 900 kwa 1000, nyingine ni sehemu 835. Iliyotumika sana hupungua kidogo, kwa hiyo 24.6 au 24.8 si ajabu. Gramu 21 au 22 kwa kipande chenye upana sahihi wa milimita 37 ni jibu tayari: shaba na nikeli iliyopakwa.

Ukibaki na shaka, pima densiti, yaani uzito wa kila sentimita ya ujazo. Weka kikombe chepesi cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ining'inize ndani ya maji mpaka izame yote, bila kugusa chini wala pembeni. Namba inayosomeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo. Faranga 5 nzuri: 25 kwa 2.42, karibu 10.3. Fedha ya sehemu 835 inatoa karibu 10.2, ya nusu kwa nusu 9.7, shaba na nikeli 8.9, risasi 11.3, aluminiamu 2.7, dhahabu ya sehemu 900 karibu 17.3.

Makosa matatu hurudi kila mara. Sarafu ikigusa chini, mizani inabeba uzito wake na hesabu inavurugika kabisa. Kiputo cha hewa kikishika kwenye herufi, ujazo unaongezeka na sarafu halali inaonekana bandia. Tone moja la sabuni kwenye maji linaviondoa. La tatu ni kupima kitu kidogo mno: santimu 50 ya gramu 2.5 inasoma 0.24 au 0.25, na hiyo tofauti ya 0.01 peke yake inakupeleka kutoka 10.4 hadi 10.0. Kwa ndogo, funga kumi za aina moja pamoja, ukikumbuka kwamba bandia moja inaweza kujificha kati ya tisa halali, kwa hiyo kila moja ipimwe uzito peke yake kabla ya kufungwa.

Sasa ile faranga 5 ya Katanga. Ya dhahabu ina gramu 13.33. Ya bronzi, yenye sura na upana uleule, ina karibu nusu ya hapo. Wanaopaka bronzi rangi ya dhahabu wanawategemea watu wasio na mizani. Kipande cha njano kinachong'aa chenye gramu 6 na kitu ni bronzi, hata muuzaji aape kwa jina la mama yake. Chenye 13.33 kikisoma 0.77 majini kina dhahabu safi gramu 12, yaani thamani ya chuma peke yake, kabla hujamfikia mkusanyaji.

Misalaba ya shaba ni suala jingine

Wakati mwingine kinachotoka si sarafu bali msalaba wa shaba, umbo la X au la H. Ni pesa pia, na ya zamani kuliko yote niliyotaja. Wanaakiolojia waliochimba makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, kwanza Jacques Nenquin mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Pierre de Maret miaka ya 1970, walikuta misalaba ya mapema ikiwa mikubwa na michache kaburini, na ya baadaye midogo na mingi, imewekwa karibu na mikono na kiuno. Kutokana na ukubwa, idadi na mahali ilipolala, waliona kitu cha heshima kikigeuka kuwa pesa ya kuhesabiwa. Mtu angeileta misalaba hiyohiyo kwenye gunia, isingesema lolote.

Kwa hiyo msalaba ukionekana, usiongeze shimo ili kutafuta mwingine. Funika, weka alama, peleka habari. Inasikitisha kwamba Katanga, yenye kumbi za kuyeyushia shaba kila upande, inaweza kuipeleka historia yake tanuruni kwa bei ya kilo moja ya waya.

Serikali na jumba la makumbusho

Amri-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni inataka vitu vya kale vilivyogunduliwa kwa bahati vitangazwe kwa wenye mamlaka, na havitolewi nje ya nchi bila ruhusa. Tena, kwa sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni mali ya Taifa. Ulichonacho kwenye parseli ni haki ya kuitumia. Hoja ya "nimechimba kwangu" haimalizi neno. Sarafu za makuta za 1967 hazitamshughulisha mtu. Misalaba, chungu cha kale, au dafina kubwa ya wakati wa Dola Huru ni jambo la kupeleka komini na kwenye jumba la makumbusho la Lubumbashi.

Najua woga uliopo: ukienda na kitu, unarudi bila kitu. Woga huo una dawa yake. Mara ya kwanza nenda na picha na orodha, si na sarafu. Peleka barua katika nakala mbili, uombe muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Kama kitu kitabaki kwao, kila kipande kiandikwe kwa namba, uzito na picha kwenye karatasi ya mapokezi, na anayepokea aandike jina na cheo. Thamani ikiwa kubwa, avoka (mwanasheria) aende nawe siku ya kwanza. Baada ya ugomvi kuanza atakugharimu zaidi.

Kuuza bila kuliwa

Hesabu kwanza thamani ya chuma, ili ujue sakafu ya bei. Kwa faranga 5 ya Leopold, gramu 25 mara 0.9 ni gramu 22.5 za fedha safi. Gawa kwa 31.1, unapata aunsi 0.72. Zidisha kwa bei ya aunsi ya siku hiyo kwenye intaneti. Chini ya hapo usiuze fedha. Sarafu za mchikichi zilizolika na aluminiamu za miaka ya 1950 hazina sakafu ya maana, na ni nyingi duniani. Anayekuambia moja yake inanunua gari anakutafutia hasira. Hali ya sarafu ndiyo inayopandisha: faranga ya tembo ambayo mikunjo ya ngozi yake bado inaonekana inaweza kuzidi mara nyingi ile iliyobaki kivuli.

Linganisha kwenye Numista, tovuti ya orodha ya sarafu, kwa nchi na mwaka, kisha tafuta bei zilizolipwa kwenye minada iliyokwisha. Bei anayoomba muuzaji si bei ya sokoni.

Picha za kuuzia zipigwe kwa mwanga wa dirisha unaotoka upande mmoja, juu ya karatasi nyeupe, simu ikiwa sentimita 25 hivi juu, bila mwanga wa kamera. Pande zote mbili na ukingo. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga, kwa sababu picha inaweza kubeba anwani ya parseli yako, na usiweke dafina kwenye status. Mnunuzi anayetaka utume kwanza pesa ya "usajili" au ya "ukaguzi" kwa simu si mnunuzi. Vilevile anayeleta punje za mchele aonyeshe kwamba sarafu yako inazivuta: huo ni mchezo wa mkono, na mwisho wake ni wewe kulipia majaribio.

Kutunza zinazobaki

Kila sarafu ipate bahasha yake ndogo ya karatasi isiyo na asidi, au mfuko wa polipropilini, yenye namba iliyoandikwa kwa penseli kabla sarafu haijaingia. Plastiki laini yenye harufu, ile ya vitabu vya picha vya bei rahisi, hutoa ute wa kijani baada ya miaka. Mpira wa kufungia pesa una salfa na huacha mstari mweusi kwenye fedha. Gazeti lina asidi. Kabati la jikoni, palipo moshi wa makala, ni mahali pabaya kuliko yote.

Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hujaza unyevu kila droo. Kopo la chuma lenye kifuniko kinachobana, na vipakiti vitatu au vinne vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, vinatosha kwa sarafu mia moja. Tarehe 1 ya kila mwezi wa mvua, toa silika kwenye vipakiti vyake vya karatasi, imwage kwenye sahani ya bati na uikaushe kwa joto la nyuzi 110 hivi kwa saa mbili, halafu iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa kabla ya kuirudisha. Mchele haufai: unavuta kidogo na unaacha vumbi la wanga, na wadudu watakuja wenyewe.